Kindege cha plastiki na hewa ya Dodoma

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na wasomaji wanaounganisha vindege vya kivita vya plastiki hapa Dodoma, na wazazi wanaowanunulia watoto maboksi hayo kwa ajili ya likizo. Malalamiko ni yale yale: rangi imetoka na vipele kama msasa, stika zimefanya utando mweupe, ndege imekalia mkia. Lawama zote hubebeshwa boksi, eti ni feki. Mara nyingi boksi halina kosa. Karatasi ya maelekezo haikumfikiria mtu anayeishi mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, penye ukavu, upepo na vumbi kuanzia Mei hadi Novemba, na maji ya bomba yanayoacha chokaa kwenye birika.

Tuchukue mfano wa MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, ya kipimo cha 1/72. Ni ndege yenye sehemu chache, na historia yake haiko mbali nasi: jeshi la Idi Amin lilikuwa nazo wakati wa vita vya Kagera, na F-7 za jeshi letu ni uzao wake uliotengenezwa China. Ndege halisi ina mita 7.15 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Ukigawa kwa 72 unapata milimita 99, kiasi cha upana wa kiganja. Kwa kipimo hicho, ufa wa nusu milimita kwenye maungio ungekuwa milimita 36 kwenye ndege ya kweli. Rubani angeingiza vidole viwili.

Kwanza osha fremu zote zinazoshikilia vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu na rangi haishiki juu yake. Usiikaushe kwa kusugua na kitambaa kikavu. Katika hewa kavu, plastiki iliyosuguliwa hupata umeme tuli na kuvuta kila punje ya vumbi iliyomo chumbani. Iache ijikaukie yenyewe chini ya beseni lililopinduliwa. Beseni hilo usiliweke mbali; litahitajika mpaka siku ya mwisho.

Usinyofoe kipande kwa mkono. Kata kwa kikata kucha ukiacha milimita 1 au 2 za kishina, kisha punguza kwa wembe mpya na umalizie kwa msasa. Anayekata karibu mno huacha shimo jeupe ambalo rangi ya fedha italitangaza kwa kila mtu.

Kabla ya gundi, shikiza kiwiliwili na mabawa kwa teipu ya karatasi, kisha uegemeze ndege juu ya penseli pale yatakapokaa magurudumu makuu. Ikiangukia mkia, ongeza uzito puani hadi pua ishuke. Kwa kipimo hiki gramu 5 hadi 10 huwa zinatosha. Kwenye vibanda vya kuziba matairi hutupwa vile vipande vya zamani vya madini ya risasi vya kubalansi ringi, navyo vinafaa sana. Nawa mikono ukishavishika. Vibandike kwa supaglu au epoksi, kamwe si kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo hula risasi polepole, risasi inavimba, na baada ya miaka michache kiwiliwili kinapasuka chenyewe kikiwa kabatini. Kumbuka pia kwamba ile koni ya katikati ya mdomo wa hewa, katika maboksi mengi, huingizwa kabla ya nusu mbili za kiwiliwili kufungwa. Ukifunga kwanza, haiingii tena. Chumba cha rubani nacho hupakwa mapema; kwenye ndege za Kisovieti rangi yake ni buluu inayoelekea kijani.

Gundi inayofaa ni ile ya majimaji inayoyeyusha plastiki. Haigandishi tu, inalainisha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Banana nusu hizo kwanza, ndipo uguse ufa kwa ncha ya brashi, gundi ikimbie yenyewe ndani. Hapa kwetu inaruka haraka mno, kwa hiyo nenda sentimita 3 kwa 3, ukibana kila hatua, na funga kichupa kila mara. Madirisha yawe wazi na watoto wadogo wasikae karibu, kwa kuwa mvuke wake si wa kuvuta. Baada ya hapo subiri saa 24. Anayepiga msasa jioni ile ile husawazisha plastiki ambayo bado imevimba. Ikikauka inanywea, na mfereji unaonekana upya chini ya rangi. Mifereji iliyobaki ijazwe puti, kisha pita na msasa wa maji namba 400, 800 na 1,200.

Kioo cha rubani ni habari nyingine. Supaglu hutoa mvuke unaoganda juu yake kama umande mweupe usiofutika. Hapa sasa ndipo mahali pa gundi nyeupe ya mbao: hukauka ikawa angavu, na ikimwagika unafuta kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa rangi, ambako ndiko vindege vingi vinafia. Kuna wauzaji wanaomshauri mteja achanganye na tina ya gari, ile ya kuzimulia rangi za NC (nitroselulosi). Tunawaomba waache. Ikipakwa kwa brashi au kupulizwa ikiwa mbichi, tina hiyo hula plastiki: mistari ya paneli inajaa na uso unakunjamana kama ngozi ya maziwa. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ni hatari zaidi. Rangi ya akriliki ya maji ichanganywe na maji safi au tina ya chapa yake yenyewe, na rangi ya mafuta ichanganywe na tapentaini.

Vipele vinatokana na rangi kukauka ikiwa bado angani. Inaondoka kwenye brashi ya upepo, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ikiwa tone, inafika kwenye bawa ikiwa punje. Dawa yake ni tatu kwa pamoja: ongeza kimiminika mpaka rangi iteleze kwenye kuta za kikombe kama maziwa, sogea hadi sentimita 5 au 8, na shusha upepo hadi psi 15 hivi. Kompresa ya kujazia matairi inaweza kutumika ikiwa na kidhibiti na kichujio cha maji. Bila kichujio itatema matone ya kutu. Puliza kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kabla upepo haujaamka, na nyunyiza maji sakafuni vumbi litulie. Tabaka liwe jembamba, upake mara tatu, siyo zito mara moja. Kila tabaka likimalizika, funika na beseni. Ncha ya sindano ya brashi hujenga kigaga cha rangi kila baada ya dakika chache. Kifute kwa pamba yenye spiriti, la sivyo kitaruka na kutua katikati ya bawa.

Kwa asiye na brashi ya upepo, sisi tunapendelea rangi ya mafuta. Ni kweli inakaa mbichi muda mrefu na kuvuta vumbi, lakini beseni lipo. Akriliki ya brashi wakati wa kiangazi hukauka kabla hujarudisha mkono, na alama za nywele zinabaki. Rangi ya fedha ipakwe juu ya nyeusi inayong'aa. Ukiipaka juu ya kijivu butu itafanana na sufuria kuukuu.

Stika za maji hazitaki uso butu. Kwenye uso butu hewa hunaswa chini ya stika, nao ndio ule utando mweupe. Paka kwanza vanishi inayong'aa, iache siku nzima. Loweka stika sekunde 15 hadi 30, iweke pembeni mpaka iteleze yenyewe kwenye karatasi yake, na mahali inapokwenda pawe pamelowa, kwa sababu hapa inaganda kabla hujainyoosha. Maji ya bomba yenye chumvi yakikauka huacha duara jeupe kuizunguka; tumia maji ya mvua au maji yaliyotoneshwa. Ukiyanunua dukani kwa jina la maji ya betri, soma chupa vizuri, maana jina hilo hilo huitwa asidi. Mahali penye mikunjo, siki nyeupe iliyozimuliwa hulainisha stika ikalala.

Vanishi butu ya mwisho ina balaa la kinyume. Ukiipuliza kutoka kwenye kopo siku ya mvua ya Januari, unyevu unanaswa ndani na ndege nzima inapauka. Ngoja jua litoke, lakini usiianike juani: sehemu nyembamba hujipinda, na ndani ya gari lililofungwa mchana hujipinda zaidi.

Ule mshale mrefu wa puani, wa kupimia mwendo, ubandikwe mwisho kabisa, baada ya vanishi kukauka. Ukivunjika, kata sindano ya bomba la hospitali iliyo mpya, toboa tundu la milimita 0.5 na uiingize. Ni imara kuliko plastiki, na haipindi kirahisi.

Waunganishaji wa vindege,
Dodoma