Wito wa harambee kwa ajili ya maabara yetu ya kompyuta

Kwa wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani na wadau wote wa shule yetu hapa Ilemela, Mwanza.

Bodi ya shule inawaomba mshiriki katika harambee ya kuzitengeneza kompyuta 20 za maabara, itakayofanyika mara baada ya mkutano wa wazazi wa muhula huu. Ieleweke mapema kwamba hatuombi kompyuta mpya, kwa kuwa zilizopo bado zinawaka na prosesa zake, yaani chipu kuu za kuchakata, ni za biti 64, aina ambayo mifumo ya sasa inahitaji. Kilichochoka ni diski ya kuhifadhia kazi, ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na, zaidi ya yote, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza kompyuta.

Kompyuta hizo zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya virusi na wadukuzi, tarehe 14 Oktoba 2025. Toleo linalofuata, Windows 11, linadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine zetu hazina. Zipo njia za kuilazimisha, lakini kampuni yenyewe haihakikishi kuwa kompyuta iliyolazimishwa itapata masasisho, na bodi haioni busara ya kuchangisha fedha za watu kwa jambo lisilo na dhamana. Wala hatuwezi kubaki bila masasisho: kwetu virusi huingia zaidi kwa flashi, ambayo mwanafunzi huitoa stashonari ya mtaani na kuichomeka maabara bila mtu kuikagua.

Kwa ushauri wa mwalimu wa somo la kompyuta, tutahamia Debian 13, mfumo wa Linux usiolipiwa leseni, uliotolewa Agosti 2025 na kupangiwa masasisho ya miaka 5. Wanafunzi watatumia akaunti zisizo na mamlaka ya kusakinisha programu, na kazi zao za Word zitafunguliwa kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia.

Fedha zitanunua diski za SSD (diski za kisasa zenye kasi), ram ya kufikisha GB 8 kwa kila kompyuta, na betri ndogo za kutunza saa ya kompyuta, aina ya CR2032. Mtu anaweza kuibeza betri hiyo ya volti 3, lakini ikiisha, kila umeme unapokatika (na umeme wetu tunaujua) kompyuta huwaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, ikavikataa vyeti vya usalama vya tovuti (vinavyothibitisha kuwa tovuti ni ya kweli) kwa kuona muda wake haujaanza, na masasisho yakagoma kushuka.

Hatutaki kuficha kwamba programu ya ndani ya ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, haitolewi tena marekebisho ya usalama na watengenezaji, na hilo halitibiki kwa fedha hizi. Kwa sababu hiyo alama na taarifa za wanafunzi zitabaki kwenye kompyuta ya ofisi, katika mtandao uliotengwa na ule wa maabara.

Lengo letu ni shilingi 2,600,000. Mchango ni wa hiari, na hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa kuwa mzazi wake hakuchangia. Fedha zitapokelewa na mhasibu wa shule kwa stakabadhi. Anayependa kutoa kifaa alete SSD ya SATA ya kuanzia GB 240 au ram ya DDR3, hata iliyotumika, mradi mwalimu aipime kwanza. Mafundi watakaojitolea Jumamosi moja ya kusakinisha wajiandikishe ofisini. Ugali na sato vitaandaliwa na kamati ya wazazi.

Mwenyekiti, kwa niaba ya Bodi ya Shule