Barua ya Wazi kwa Walimu Wanaosomea Uzamili wa Teknolojia ya Elimu

Walimu wenzangu, wanangu,

Nawasalimu kwa heshima ya kazi yetu. Nilistaafu ukufunzi katika chuo cha ualimu, lakini bado huitwa mara kwa mara kuketi nyuma ya darasa na kuwatazama wenzetu wakifundisha, na huko ndiko nilikokutana na jambo lililonisukuma kuwaandikia. Naandika nikiwa na uchungu, kwa sababu ninaowasema ni watu ninaowapenda, na baadhi yao niliwalea mwenyewe katika mazoezi ya kufundisha.

Mwalimu mmoja wa Baiolojia, aliyehitimu uzamili wa teknolojia ya elimu si muda mrefu uliopita, alikuwa akifundisha usanisinuru. Sehemu kubwa ya mwanzo wa kipindi ilipotea katika kutafuta soketi inayofanya kazi na kusogeza meza ili projekta ikae sawa. Kisha ukutani yakatokea maandishi marefu ya Kiingereza ambayo jua la dirishani lilikuwa limeyafifisha, hata wanafunzi wa nyuma wakawa wanayanakili kwa kuchungulia madaftari ya waliokaa mbele. Mwalimu aliyasoma mstari kwa mstari, akabonyeza, akasoma tena. Hakuuliza swali hata moja la kumfikirisha mtoto. Nje ya dirisha lilelile palikuwa na mihogo ya shamba la shule, na katika kabati la maabara kulikuwa na spiriti na iodini. Angewatuma wanafunzi siku chache kabla wakafunike baadhi ya majani kwa karatasi nyeusi, leo wangeyachemsha, wakayaondoa rangi ya kijani kwa spiriti, wakadondoshea iodini, na kuona kwa macho yao kwamba sehemu iliyopata mwanga inageuka nyeusi kwa wanga na iliyofunikwa haigeuki. Kipindi kilipokwisha, aliniambia kwa furaha kwamba siku hiyo amefundisha kwa TEHAMA.

Sikumlaumu mbele ya wanafunzi wake, ila nawaambia ninyi mlio njiani: yule mwalimu alisomea vifaa, hakusomea ujifunzaji. Aliingia darasani akiwa na jibu, nalo ni projekta, akatafuta mahali pa kulipachika. Hilo ndilo kosa ninaloliona tena na tena, na linaniuma zaidi kwa mtu aliyetoka chuo kikuu, kwa kuwa fani hii ililijadili zamani. Mwaka 1983 mtafiti wa elimu Mmarekani, Richard Clark, aliandika kwamba chombo kinachofikisha somo hakimfanyi mwanafunzi ajifunze zaidi, kama vile lori linaloleta vyakula mjini lisivyobadilisha lishe ya watu. Kinachofunza, kwa hoja yake, ni namna somo lilivyopangwa. Mtafiti mwingine, Robert Kozma, alimpinga mwaka 1991, akishikilia kwamba kila chombo kina uwezo wake ambao mwalimu mwerevu anaweza kuutumia kumsaidia mwanafunzi kufikiri. Someni mabishano hayo kwa makini, mchukue upande, mtetee upande wenu kwa ushahidi wa darasani. Someni pia kilichotokea Peru, ambako kompyuta ndogo ziligawiwa kwa wingi katika shule za msingi za vijijini, na uchunguzi wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika katika shule 319, uliotolewa mwaka 2012, haukupata ushahidi kwamba alama za Hisabati na lugha zilipanda. Watoto walipata mashine, lakini ufundishaji ulibaki palepale.

Wala hamna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1973 nchi yetu ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio peke yake isingefika popote. Kulikuwa na vikundi vya kusikiliza, viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo, na vijitabu vya kusoma pamoja. Kipindi kilipomalizika watu walijadiliana na kuamua la kutenda kijijini kwao, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Waliopanga kazi ile walijua wanataka watu wafanye nini kabla ya kuandika neno la kwanza la kipindi. Hiyo ilikuwa teknolojia ya elimu kamili, na nasikitika kuona tasnifu nyingi za vijana wetu zikianza historia ya fani hii Marekani na kuimalizia hukohuko.

Nimemwona pia mwalimu wa Darasa la Pili ambaye chombo chake ni simu yake tu. Kila mtoto humsomea aya fupi mwanzoni mwa muhula, naye huirekodi sauti. Mwisho wa muhula mtoto husoma aya ileile, kisha husikilizishwa sauti zote mbili. Nilimwona binti mmoja akijisikiliza alivyokuwa akikata neno "wanapokwenda" vipandevipande, akacheka, kisha akaomba arekodiwe tena kwa sababu alitaka kulisoma vizuri zaidi. Mwalimu huyo alikuwa na daftari lenye majina na silabi zinazomshinda kila mtoto, na mazoezi ya wiki iliyofuata aliyatoa humo. Hana shahada ya uzamili. Natamani aipate, maana yeye tayari ana swali, na chuo kikuu kingempa mbinu za kulichunguza.

Hapo ndipo masomo haya yanapomkuza mwalimu, wanangu. Yanamfundisha kutofautisha somo lililowafurahisha watoto na somo lililowafunza. Yanamzoeza kukosolewa na msimamizi, akaandika sura upya bila kinyongo, na hatimaye akaanza kulikosoa andalio lake la somo kwa ukali uleule. Ukuaji huo haununuliwi. Nasema hivyo kwa kuwa nazifahamu steshenari za pembeni mwa vyuo ambako mtu hulipa akaandikiwa tasnifu nzima, na sasa wako wanaoiachia kompyuta iwaandikie sura zote, kisha wanaingia kwenye utetezi wasijue hojaji yao iliuliza nini. Mwalimu anayefanya hivyo atamwambia nini mtoto aliyemkamata akiibia mtihani?

Mengine nayataja kwa ufupi. Jifunzeni takwimu mapema. Hifadhini kazi yenu mahali zaidi ya pamoja. Ombeni idhini ya wazazi kabla ya kuwarekodi watoto, na msirushe picha zao mitandaoni. Andikeni muhtasari wa utafiti wenu kwa Kiswahili ili wenzenu shuleni wausome.

Lawama haiwaangukii ninyi peke yenu. Mfumo wetu humpima mwalimu kwa cheti kuliko darasa lake, na mara nyingi anayerudi na shahada huhamishiwa ofisini, asionane tena na wanafunzi ambao alisema anawasomea. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 waligawiwa walimu, nalo lilikuwa jambo jema, lakini nimefika shule ambayo vilikuwa vimefungiwa kabatini kwa hofu ya kuharibika, na nyingine ambako mwalimu anatumia mshahara wake kununua bando la kupakua vitabu. Wakuu wa shule na maofisa elimu wanaosoma barua hii, mpeni mhitimu vipindi vya kufundisha, mpeni pia nafasi ya kuwaongoza wenzake katika mafunzo endelevu ya walimu kazini, na funguo za kabati zisikae mfukoni mwa mtu mmoja.

Nanyi mnaojiandaa kupeleka mada zenu, nawaomba jambo moja kabla hamjaandika kichwa cha habari chochote chenye neno "matumizi ya". Kusanyeni madaftari ya darasa moja mnalolifundisha, mkae nayo, mwandike makosa yanayojirudia. Mwalimu wa Hisabati, kwa mfano, atawakuta watoto wengi wanaojumlisha nusu na theluthi wakapata mbili ya tano, kwa sababu wamejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Waulize wale watoto walifikiri nini, uyaandike maneno yao kama walivyoyasema, halafu ndipo ujiulize kama kuna mchoro, sauti, mchezo wa kompyuta au vipande vya karatasi vitakavyowafanya waone kwamba jibu lao ni dogo kuliko hata ile nusu waliyoanza nayo. Peleka hayo kwa msimamizi wako, pamoja na madaftari yenyewe.

Wenu katika kazi,
Mkufunzi mstaafu