Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma: Muulizeni mwenye deni kabla ya kumfungia mlango

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Sheria ya ajira ya Kenya iliporekebishwa mwaka wa 2022, wengi tulishusha pumzi. Mwajiri haruhusiwi tena kudai vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba, vya kuthibitisha uadilifu, kutoka kwa kila anayetuma maombi. Adai tu anapokusudia kumpa mtu mkataba. Afueni hiyo naikubali. Ila mtihani umesogezwa mbele tu, haujabadilika: kazi ikishapatikana, cheti cha ushuru, cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na cha CRB (ofisi ya rekodi za wenye madeni) vinangoja pale pale, na mwenye deni havipati kirahisi.

Hebu tazama deni lenyewe linavyozaliwa. Kijana anamaliza shule, anataka mkopo wa HELB, na hawezi kuuomba bila PIN (namba ya mlipakodi) ya KRA, mamlaka ya ushuru. Anaingia saiba, anasajiliwa, anatoka na karatasi yake. Tangu siku hiyo, awe na mapato au asiwe nayo, kila mwaka lazima atume ritani, yaani taarifa ya mapato yake, kabla ya Juni kuisha, hata ile tupu ya kusema hana kitu. Akisahau, faini ni Sh2,000. Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, HELB nayo inaanza kudai, na anayeshindwa anatozwa Sh5,000 kila mwezi juu ya mkopo wenyewe. Miaka 2 ya kutembeza bahasha mjini ni Sh120,000 za faini peke yake. Kosa lake ni lipi hasa? Ni kukosa kazi, ile ile aliyokuja kuiomba kwenu.

Utaniambia mashirika hayo hukubali kulipwa kidogo kidogo, na anayetimiza mpango hupewa cheti. Ni kweli. Lakini mpango wa malipo unataka mshahara.

Wamarekani, wanapokagua watu wa kukabidhiwa siri za ulinzi na ujasusi, wanalitazama deni kwa jicho lingine. Fomu yao inauliza kuhusu kodi ambazo hazikulipwa na madeni yaliyolala katika miaka 7 iliyopita, na majibu hayachukuliwi kwa mzaha. Asiyewasilisha hesabu za kodi kwa makusudi ana kazi ya kujieleza. Hata hivyo mwongozo wao, ulioanza kutumika Juni 2017, unamtaka mkaguzi apime deni lilitokana na nini. Kupoteza kazi, ugonjwa, talaka na kifo katika familia vimetajwa waziwazi kuwa sababu za kumwelewa mtu, mradi awe amejitahidi kulishughulikia. Mapatano ya kulipa na mamlaka ya kodi nayo huhesabiwa upande wake.

Na si kwamba hawajaumwa. Aldrich Ames wa CIA, shirika lao la ujasusi, aliwauzia Wasovieti siri mwaka wa 1985 akiwa amebanwa na madeni. Baadaye alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa pesa taslimu, na bado hakukamatwa hadi Februari 1994. Mimi naona nyumba ile ilipaswa kuwashtua kuliko madeni yaliyotangulia. Huku kwetu mwenye jumba lisiloelezeka hupata vyeti vyote kabla ya saa nne asubuhi. (Anao wa kumpangia foleni.)

Ombi langu ni hili. Anayepewa ofa akiwa na deni la HELB au faini ya ritani, aruhusiwe kutia sahihi makubaliano ya kukatwa mshahara kuanzia mwezi wa kwanza, na karatasi hiyo ipokelewe badala ya cheti. Waajiri tayari wanakata HELB kwenye payslip, kwa hiyo hakuna mtambo mpya wa kununua. Aliyeficha mapato au kughushi hati, mkataeni bila kusita. Mkihofia kuanza na kila mtu, anzeni na makarani, madereva na wahudumu wa ofisi, ambao hawashiki siri yoyote ya nchi.

Wako mtiifu,
Mzazi, Nakuru