Usikubali waifomati hiyo flashi

Kisumu, Jumamosi usiku

Mpendwa Wanjiru,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, nikaona heri nikuandikie kirefu kuliko kukutumia sauti vipande vipande. Pole sana, mwenzangu. Flashi imegoma kufunguka, na kijana wa saiba alitaka kuifomati, yaani kuipanga upya ianze tupu. Najua imebeba nini: hesabu za chama tangu mlipoanza, kumbukumbu za mikutano, nani amekopa, nani amelipa, nani bado. Na mkutano wa mwaka ndio huo uko mlangoni. Katibu akikosa vitabu, maneno huanza, hata kama akina mama wote wanakujua na wanakuamini.

Kabla hujasoma mengine, nakusihi: asiifomati mtu yeyote. Si yule kijana wa saiba, si shemeji, wala wewe mwenyewe kwa uchovu wa saa sita usiku. Ulifanya vyema kumpokonya huyo wa saiba. Watu wakikuambia "nitaitengeneza" wanasema kweli, flashi itafanya kazi tena, lakini itarudi tupu. Flashi utanunua nyingine hata kesho. Hesabu za akina mama ishirini na wanne huzipati dukani.

Unakumbuka nilivyolia mwaka wetu wa mwisho chuoni? Hukuwahi kujua kisa chote. Fundi niliyempelekea alifomati bila kuniuliza, na hapo kazi yangu bado ingeweza kuokolewa, maana kufomati kwa haraka hakufuti vilivyomo, kunaandika tu orodha mpya iliyo tupu. Kilichoniua ni kwamba alinakili filamu nzima ndani ili kuona kama flashi imepona. Filamu ile ikakaa juu ya kurasa zangu. Tangu siku hiyo, mtu akiingia kwenye duka langu na flashi mkononi, swali langu la kwanza ni kilichomo ndani. Flashi yenyewe tutaizungumza baadaye.

Sasa tuje kwa yako. Umenieleza mambo mawili yanayonipa moyo. Kazini kompyuta haioni kitu, lakini kwenye laptopu ya kijana wako ile sauti ya kupokea kifaa inasikika, taa ndogo ya buluu inawaka, kisha Windows inadai diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Basi haijafa. Ndani ya flashi kuna chipu mbili za maana: moja inahifadhi, nyingine inasimamia na kujibu kompyuta ikiulizwa "wewe ni nani?" Ukisikia ile sauti, msimamizi yuko hai na mdomo wa chuma unashika. Ya kazini usiihangaikie. Pengine ulichomeka kwenye tundu la mbele, na hayo ya mbele huchoka mapema kwa kuchomekwa kila siku. Ya nyuma yameungwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Kuna ofisi pia ambazo hufunga matundu hayo makusudi kwa kuogopa virusi.

Kilichoharibika nadhani ni orodha. Wewe ni katibu, hili utalielewa upesi. Fikiria daftari lako kubwa, lile ambalo ukurasa wa kwanza unaonyesha akaunti ya kila mama inaanzia ukurasa gani. Ukurasa huo ukichanika, mtu mgeni akifungua daftari atasema halisomeki, na kumbe kila shilingi imeandikwa mle ndani. Uliniambia stima ilipotea ukiwa unahifadhi faili. Kompyuta ilikatwa kalamu mkononi, katikati ya kuandika ukurasa ule wa kwanza. Kuichomoa ghafla huleta balaa lilelile. Bahati ni kwamba flashi iliyopangwa kwa FAT32, mpangilio wa faili unaotumika kwenye flashi nyingi, huweka nakala mbili za orodha hiyo, na nakala ya akiba ya sehemu yake ya kwanza kabisa. Mara nyingi moja ikiumia nyingine hupona.

Ningependa uniangalizie kitu kimoja, na hakina hatari. Ichomeke kwenye laptopu ya kijana. Lile dirisha la kufomati likitokea, bonyeza Cancel. Kisha shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, uchague Disk Management, utafute flashi kwenye orodha ya chini. Nataka kujua ukubwa unaoonyeshwa. Ikiwa ni ya GB 16, utaona 14 na ushee. Usishtuke, ndivyo Windows inavyohesabu. Pembeni panaweza kuwa pameandikwa RAW, yaani diski ipo ila orodha haieleweki. Hiyo ndiyo ninayoitarajia. Ukikuta No Media, bila ukubwa wowote, msimamizi ameshindwa kuifikia chipu ya kuhifadhi, na hapo hakuna programu itakayosaidia. Tutatafuta wanaosoma chipu yenyewe. Ukishaona, ichomoe, na usirudie rudie. Ikiwa ya moto ukiigusa, itoe hapo hapo.

Usiendeshe pia ile chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ambayo kijana wako ameisikia kwa wenzake. Inarekebisha orodha kwa ubabe, na faili isiyoielewa inaikata vipande vyenye majina ya ajabu. Mimi ningeitumia mwisho kabisa, nakala ikiwa tayari imewekwa pembeni.

Jumanne nilipata mwalimu kutoka upande wa Maseno. Mtoto aligonga flashi yake ikiwa bado kwenye laptopu, mdomo ukapinda, ikanyamaza kabisa. Nilipasua ganda kwa kisu chembamba nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Pale mdomo unaposhikana na ubao kuna vidoa vinne vya risasi ya kuunganishia: vya pembeni hupitisha umeme, viwili vya katikati hupitisha data. Kimoja cha katikati kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umekizunguka chote. Nikakigusa kwa chuma cha moto sekunde mbili, risasi ikayeyuka ikang'aa. Nilipochomeka, laptopu ikalia, na mitihani ya muhula mzima ikafunguka mbele ya macho yake. Hakusema kitu kwa muda, alikaa tu akiitazama skrini. Yako haihitaji chuma, lakini nimekusimulia ujue kwamba hata ile iliyonyamaza kabisa huwa na nafasi.

Nitafanya hivi. Kwanza nitainakili flashi yote ilivyo, pamoja na uharibifu wake, iwe faili moja kubwa kwenye diski yangu. Programu ya TestDisk inafanya hivyo, na haiuzwi. Baada ya hapo flashi yako naiweka kando, nafanya kazi kwenye nakala, nikikosea hakuna kilichopotea. Nitajaribu kurudisha ile orodha. Ikikataa, kuna ndugu yake TestDisk, PhotoRec, ambayo haijali orodha kabisa. Inapita ukurasa kwa ukurasa ikitambua faili kwa jinsi zinavyoanza. Ubaya wake ni kwamba majina hupotea. "Michango Machi" itatoka ikiitwa f na tarakimu nyingi, na itabidi tufungue moja moja.

Tena, usimpe mtu usiyemjua. Atakayeweza kuzirudisha hesabu hizo ataweza pia kuzisoma, na mle ndani kuna madeni ya watu.

Kaka yangu anatoka Nairobi Jumatano kuja huku, na gari lao litasimama Nakuru. Mpe mkononi. Iweke ndani ya kopo dogo la mafuta ya kujipaka, lililooshwa na kukaushwa kabisa, na pamba kidogo chini na juu isigongwe. Pamoja nayo weka karatasi: majina ya wanachama wanne au watano, na kiasi kimoja kimoja cha pesa unachokikumbuka vizuri pamoja na mwezi wake. Nitayatumia kutafuta ndani ya faili zisizo na majina, maana "Mama Kamau 3,500" itanionyesha daftari la Machi upesi kuliko kufungua mia mbili.

Wakati huo huo mwombe mweka hazina achukue taarifa ya M-Pesa ya laini ya chama. Kama kuna mwezi ambao sitauokoa, mtaujenga upya kutoka hapo. Na ulipoinunua flashi hii, ilikuwa dukani au barabarani? Zile za barabarani mara nyingine huandikwa GB 64 na ndani ni 8, na kinachozidi hapo hupotea bila onyo. Nitaipima, lakini baada ya kutoa kila kitu, kwa sababu kipimo chenyewe kinaijaza flashi mpaka juu.

Nisalimie Mama, na kijana mwambie laptopu yake imetufaa. Kaka atakupigia wakifika Gilgil, uwe umeshafika stendi.

Wako,
Achieng