Wakili asiyeliweza shauri asilipokee

Mhariri,

Watu wengi hapa Mwanza humpima wakili kwa anavyounguruma mahakamani. Wampime kwa jalada. Mashauri ya viwanja vya Buhongwa, Igoma na Kisesa huharibikia kwenye karatasi, kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa.

Kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zinamdai wakili aiweze kazi anayoipokea. Asiyeiweza asome kwanza bila kumchelewesha mteja, au kwa ridhaa ya mteja amwingize mwenzake anayeijua, au aikatae. Kukataa si aibu.

Tazama hati ya madai inayosema tu "kiwanja kilichopo Buhongwa". Kama kimepimwa, namba ya kiwanja na kitalu viko wapi? Kama hakijapimwa, majirani wa pande nne ni akina nani? Bila hayo hata ukishinda, dalali wa mahakama hajui amtoe nani, wapi. Au umeuziwa eneo, mtu mwingine anadai ni lake, anakushtaki wewe mnunuzi na kumwacha muuzaji. Shauri linasikilizwa hadi hukumu, kisha kwenye rufaa kila kitu kinafutwa kwa sababu muuzaji alipaswa kuunganishwa. Pande zote mbili zinaanza upya, na mashahidi wazee huenda hawapo tena.

Ukidai halmashauri ndiyo hatari zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020 lazima halmashauri ipewe kwanza notisi ya siku 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Wakili anayekimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba wiki inayofuata anamtafutia mteja wake pingamizi la awali, yaani hoja ya kulitupa shauri kabla halijasikilizwa.

Muda nao haumngoji mtu. Utetezi wa maandishi ni siku 21 tangu kupokea wito. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Notisi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani ni siku 30. Na Mahakama hiyo imesema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili au kutoijua kwake sheria si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Yaani wakili anakosea, anayepoteza kiwanja ni mteja. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kwa hiyo mteja, kabla ya kulipa, hakiki jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Omba kuisoma hati kabla haijasajiliwa. Kiswahili ni lugha ya mahakama kisheria tangu 2021, basi usikubali kuambiwa hutaielewa. Dai nakala ya stakabadhi ya ada ya mahakama. Hukumu ikisomwa, siku hiyohiyo nakala yake iombwe kwa barua, na uandikiwe tarehe ya mwisho ya rufaa.

Kamati ya Mawakili, chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inaweza kumsimamisha wakili au kumfuta kwenye orodha, lakini hairudishi kiwanja. Ndiyo maana naomba Chama cha Mawakili Tanganyika kiwafundishe mawakili wachanga wa Mwanza kuandaa hati za mashauri ya ardhi, kwa kutumia majalada halisi ya mashauri yaliyotupwa na mahakama, pamoja na sababu zake.

Wakili wa kujitegemea,
Nyamagana, Mwanza