Wito wa Harambee: Watoto Waliozaliwa Wakati wa Korona Wapimwe Masikio

Ndugu wapendwa, wazazi wenzetu na waumini wote,

Tunarudi kwenu mapema kuliko tulivyoahidi, na kusema kweli tunaona haya. Mlipowachangia watoto wetu visaidizi vya kusikia, tulisema tutawapumzisha. Korona imetukatisha ahadi hiyo.

Tangu janga litangazwe Machi mwaka huu wa 2020, akina mama wengi wanaruhusiwa kutoka wodini saa chache tu baada ya kujifungua, ili kuepuka msongamano. Saa hizo majimaji ya tumboni bado hayajamtoka mtoto masikioni, hivyo kipimo cha kusikia mara nyingi hakisomi vizuri, na mama huambiwa amrudishe. Amrudishe wapi? Kliniki za marudio zilisimamishwa. Zilipofunguliwa, mama akaogopa kumpeleka kichanga penye wagonjwa. Wengine hawakupimwa kabisa.

Uziwi hauna homa wala upele. Mtoto ananyonya, anacheka, analala fofofo hata sufuria ikianguka kando yake, na wakubwa wanamsifu kwa utulivu. Miezi inapita hivyo, na hakuna anayeshtuka mpaka wenzake waanze kuita mama na yeye yuko kimya.

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, 1 hadi 3 hivi huwa na upungufu wa kusikia. Wataalamu wanataka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6, kwa sababu ubongo huanza kujijengea lugha mapema mno, iwe ya sauti au ya alama. Miezi hiyo ikishapita, hata janga likiisha kesho haitarudi.

Tunaomba mashine moja ya kupimia. Inashikika mkononi. Ncha yake laini huwekwa sikioni mtoto akiwa usingizini, hutoa sauti ndogo na kunasa mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Ni dakika chache, bila maumivu. Mhudumu aliyefunzwa atapima kwa miadi, mtoto mmoja mmoja, kwa barakoa na ncha safi kwa kila mtoto. Atakayeonekana na shaka tutamlipia nauli hadi kwa mtaalamu.

Tunajua hali ni ngumu na kazi zimesimama. Lakini sherehe nyingi zimeahirishwa mwaka huu, na michango tuliyokuwa tumeitenga bado i mikononi mwetu. Tusishindwe na vichanga hawa sisi ambao hatujawahi kushindwa na karamu. Mungu aliyetupa masikio mazima anatuona.

Kila mchango utaandikiwa risiti, na mweka hazina atasoma hesabu mbele ya wote.

Na mwenye mtoto aliyezaliwa kipindi hiki, awe amechanga au hana cha kuchanga, amwandikishe kwa katibu sasa, asingoje mashine inunuliwe.