Ng'ombe Aliyegeuka Moshi: Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya

Ndugu zangu, jamaa na marafiki, mlio karibu na mlio mbali, heri ya Krismasi! Mungu aliyetufikisha leo atuvushe sote tuuone Mwaka Mpya tukiwa na afya. Walio kitandani awainue, walio njiani wafike salama. Na ninyi mliofiwa mwaka huu, poleni sana. Sikukuu ya kwanza baada ya msiba huwa ndefu, hilo nalijua, na asubuhi ya leo nimewakumbuka mmoja mmoja kwa majina.

Safari hii salamu zangu zinatoka ugenini. Niko kwa dada yangu, mwendo wa mchana kutwa na usiku kucha kutoka ninakoishi, na leo ni siku yangu ya tisa hapa. Wanaonifahamu watauliza kama kweli ni mimi. Miaka yote nimekuwa mgeni wa mkesha: nafika jioni ya tarehe 24, nasalimia, nakula, nalala, na alfajiri ya tarehe 26 begi liko mgongoni. Mwaka jana nilipokuwa naaga, mama yetu, ambaye amehamia hapa kwa dada tangu baba alipofariki, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe huwa huji. Huwa unapita." Sikuwa na la kumjibu. Neno lile nililibeba mwaka mzima. Safari hii niliomba likizo mapema, nikafungasha nguo za wiki mbili na kamera yangu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa mbuzi. Shemeji anafuga kumi na mmoja, na kila asubuhi wapwa zangu wawili, binti wa miaka kumi na mbili na mdogo wake wa minane, huwatoa kwenda malishoni. Nikaambiwa niongozane nao, na kamera nikaitundika shingoni.

Siku hiyo ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Nilipozitazama jioni nikaona migongo, masikio, na mikia inayoondoka. Nilikuwa nimesimama muda wote, na mnyama anayepigwa picha kutoka juu anatoka mdogo, kama kitu kilichodondoka njiani. Kesho yake nikapiga magoti. Keshokutwa nikalala kifudifudi majanini, wapwa zangu wakacheka, kisha nao wakalala. Kutoka pale chini mbuzi ni mkubwa. Ana kidevu, ana ndevu zinazopeperuka, ana uso.

Na ana macho ya ajabu. Mboni ya mbuzi imelala kama mstari mpana. Si duara kama yetu, wala si ufa uliosimama kama wa paka mchana. Anapoinamisha kichwa kula, macho huzunguka ndani ya matundu yake ili mboni ibaki imelala sambamba na ardhi. Kwa hiyo hata mdomo ukiwa kwenye majani, yeye anaendelea kuona kulia, kushoto, na sehemu kubwa ya nyuma yake. Siku zile zote nilikuwa nikidhani nawanyemelea, kumbe mbuzi hanyemelewi. Unachoweza kufanya ni kukaa mahali pamoja mpaka akuzoee, na yeye katika hilo hana haraka. Asubuhi ya tano ya malishoni, jike mmoja mweusi alinijia mwenyewe, akanusa lenzi, akaipulizia mvuke wa pua. Picha niliyopata ni ukungu mtupu. Nimeitunza.

Huyo mweusi ndiye aliyemfundisha mpwa wangu wa kike jambo ambalo mimi lilinichukua miaka. Alimpiga picha kwa simu ya mama yake, akanijia na malalamiko: "Mjomba, mbona amekuwa wa kijivu?" Nikamweleza kwamba kamera haijui mbuzi. Yenyewe inapima mwanga unaoingia, ikidhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ikikutana na weusi mwingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na weusi unapauka. Ikikutana na mbuzi mweupe inadhani jua limezidi, inapunguza, na weupe unafubaa. Kwa hiyo mweusi unampunguzia mwanga, mweupe unamwongezea. Akamgusa mbuzi kwenye kioo cha simu, akatelezesha kidole kushuka, na manyoya yakawa meusi tena, kila unywele na mng'ao wake. Tangu saa ile dada yangu akitaka kupiga simu anaomba.

Mdogo wake yeye hana habari na mbuzi. Yeye na mbwa tu. Nilimwekea kamera kwenye kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, akamwita mbwa kutoka mbali, nami nikabonyeza mfululizo. Katika picha moja miguu yote minne iko hewani, kivuli cha mbwa kiko peke yake chini. Kijana alipiga kelele mpaka shemeji akatoka nje. Nilimwambia kwamba wakubwa nao walishabishana kuhusu jambo hilohilo kwa farasi, wakawa hawaelewani, mpaka mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipompiga farasi picha nyingi mfululizo huko California. Zilionyesha kwamba kwato zote nne huondoka ardhini kweli, lakini wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wakimchora ameitanua mbele na nyuma.

Kuku, kwa wenye kutaka kujaribu, ni wepesi kuliko wanavyoonekana. Akitembea utadhani kichwa kinachezacheza. Kumbe anakisukuma mbele, kisha anakituliza kabisa wakati mwili unakifuata, ili macho yake yaione dunia imesimama. Bonyeza hapo kichwa kinapotulia.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, tulihesabu ndege. Nilitaka watoto wapate kitu cha kukumbukia Krismasi hii, na jambo lenyewe lina historia ninayoipenda. Zamani huko Marekani kulikuwa na watu waliotoka siku ya Krismasi makundi kwa makundi na bunduki zao, na kundi lililorudi na rundo kubwa zaidi la ndege na wanyama ndilo lililoshinda. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman akapendekeza kwamba siku hiyohiyo watu watoke wahesabu, wasiue. Krismasi ile walijitokeza 27. Hesabu hiyo haijakoma mpaka leo, na kila mwaka inawatoa nje watu maelfu kwa maelfu. Kiswahili chetu kinapiga bunduki na kinapiga picha kwa neno lilelile, na nimefurahi kuona wapwa zangu wanakua na hilo la pili.

Sisi tulikuwa wanne, mama akiwa kwenye kiti chake kibarazani. Kwa nusu saa tulipata shomoro 31, tetere saba na kunguru wanne. Mbayuwayu walitushinda: kila tulipofika kumi na kitu walichanganyika, tukaanza upya. Mama ndiye aliyewaona kwanza, kabla yetu sote wenye macho ya ujana. Nikawasimulia kuhusu mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete ya mguuni Uingereza mwezi Mei 1911, akaja kupatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912. Mpaka hapo hapakuwa na ushahidi wa mkononi kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika mbali kiasi hicho. Ni ndege wa kama gramu 20. Mtoto wa kiume akauliza kama hawa wetu nao wako ugenini sikukuu hii. Nikamwambia inawezekana kabisa, akawapungia mkono.

Ugenini. Nimeliwaza sana neno hilo ibadani. Simulizi yenyewe ya leo ni ya watu waliokuwa mbali na kwao, waliofika mahali nafasi haipo, mtoto wao akalazwa katika hori la mifugo. Kadi zetu zote zinaonyesha ng'ombe na punda wamesimama kando ya hori. Lakini ukiusoma mlango wa 2 wa Luka, hukuti ng'ombe wala punda. Kuna hori tu, na kundi la wachungaji huko makondeni. Wakristo wa zamani ndio waliowaleta hao wawili wakitumia mlango wa kwanza wa Isaya, panapotajwa ng'ombe anayemjua mwenyewe na punda anayelijua hori la bwana wake. Na mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi aliomba ng'ombe na punda walio hai, na majani makavu, viwekwe mahali pa ibada ya usiku wa Krismasi, watu waone kwa macho yao. Mimi nampenda kwa hilo. Aliyewahi kulala karibu na zizi anajua joto la pumzi za mifugo usiku, na hakuna mama mwenye mtoto mchanga ambaye angelikataa.

Lakini kisa kilichonifanya niandike ni cha jana usiku.

Baada ya watoto kulala, mama alileta bahasha yake ya picha za zamani. Sote tunaijua. Ndani yake kuna picha moja ndogo, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa: baba kijana, amesimama wima, mkono wake uko shingoni mwa ng'ombe. Baba anaonekana vizuri mpaka vifungo vya shati. Mwili wa ng'ombe unaonekana vizuri. Lakini mahali pa kichwa cha ng'ombe pana moshi tu. Tangu utotoni nimeamini kwamba picha ile iliharibika, na jana nikasema hivyo, nikaongeza kwamba siku hizi kuna programu za kompyuta za kurekebisha.

"Haijaharibika," mama akasema. "Aligeuka kunitazama mimi. Nilikuwa natoka ndani na ndoo, saa ya kukamua."

Nikaishika tena ile picha. Ilikuwa jioni, mwanga umeshapungua, kwa hiyo kamera ilibaki imefumbua jicho kwa muda mrefu kidogo. Baba aliambiwa abane pumzi, akabana. Ng'ombe alisikia ndoo. Kwa hiyo miaka yote hii mama yumo katika picha ile, nje ya ukingo wake tu, na moshi ule ni kichwa kikigeuka kumfuata. Nimekuwa mpiga picha muda mrefu, nimeitazama mara mia, na sikumwona.

Dada akauliza jinsi kitu kinavyoweza kugeuka moshi. Nikawaeleza kuhusu mwaka 1838, Louis Daguerre alipotega kamera yake Paris na kuupiga picha mtaa wa Boulevard du Temple. Ulikuwa mtaa wa shughuli nyingi, wenye magari ya farasi na wapita njia. Ila bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa ili kushika taswira, na kila kilichokuwa kikitembea hakikuacha alama. Hakuna farasi, hakuna gari. Mtaa umetoka mtupu, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amesimama kwenye kona aking'arishiwa viatu, na umbo la aliyeinama kumng'arishia. Hao wawili wanajulikana kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha ya kamera.

Mama alikaa kimya, picha ya baba iko mapajani. Kisha akasema, "Kwa hiyo waliokuwa wanapita hawakuonekana."

Hakunitazama aliposema hivyo. Aliirudisha picha ndani ya bahasha, akaniuliza ni lini nitasafisha za mwaka huu ili na zenyewe aziweke humo. Nilikuwa na mazoea ya kuziacha kwenye kamera na simu, maelfu kwa maelfu. Nimemwahidi kabla sijaondoka, na mpaka sasa nimeshachagua ishirini na nne. Ya juu kabisa ni ya juzi: mama amempakata mwanambuzi aliyezaliwa wiki hii. Mikono yake miwili imetulia, kila mstari wa kiganja unasomeka. Masikio ya mwanambuzi yalitikisika nilipobonyeza, yamegeuka moshi. Sikuifuta.

Basi, wapendwa, nawatakieni sikukuu yenye muda. Walioko kwa wazazi wao, nisalimieni wazee, mwaambie nimewaamkia. Watoto wote wapeni salamu za mjomba. Na wenye mbwa, paka, kuku au njiwa hapo nyumbani, niwekeeni picha yao. Nikirudi nitaomba kuiona, na safari hii nitakaa.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Jua limeshuka, mwanga umekuwa wa dhahabu, na wapwa zangu wako mlangoni wananiita tukawarudishe mbuzi.